Husuni Kubwa ya Jeppestown

Siku ile tulikuwa watu sita ndani ya saluni ya Mama Furaha, sakafu ya chini ya jengo letu. Alikuwepo Mama Furaha mwenyewe, msusi kutoka Bukavu ambaye chumba chake kilipakana na chetu ghorofani. Alikuwepo Ba'mdogo Shabani, mdogo wake marehemu baba, aliyefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Durban. Alikuwepo Bi Nomsa, ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye koti la kijivu ambaye hakulivua muda wote. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Salumu wa miaka kumi na Rehema ambaye alikuwa hajaanza shule, na mimi Zuhura, mkubwa wao. Harufu iliyonibakia ni ile ya dawa ya kulainishia nywele, inayochoma pua mpaka machozi yatoke, ikichanganyika na moshi wa hita ya mafuta ya taa. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao upepo wa Johannesburg huokota vumbi la njano kwenye vilima vya mchanga wa migodi na kulipenyeza kila mahali, chini ya milango, ndani ya sufuria, kwenye meno. Mama Furaha alikuwa ameziba nafasi ya mlango kwa taulo na kugeuza viti vya wateja vitazamane. Kikao kilifanyika kwake kwa sababu kwetu hapakuwa na viti. Tulikuja kuamuliwa kama sisi watatu tungeendelea kulala chini ya paa moja.

Ili nieleweke, lazima nianze na nyumba. Tuliishi Jeppestown, mtaa wa Johannesburg, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha viatu. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kipana, chenye sakafu ya saruji na dirisha la vioo vidogovidogo lililotazama barabara ya Jules. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona mapazia na sare, akafunga kamba toka ukuta hadi ukuta na kutundika vitambaa vilivyosalia, tukapata vyumba. Lakini hakuridhika navyo hivihivi. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akapiga magoti, akachora sakafuni ramani ya Husuni Kubwa. Mama na baba walizaliwa Kilwa Kisiwani, na Husuni Kubwa ni jumba la kale lililo juu ya jabali la kisiwa kile, mbali kidogo na mji, mahali ambapo mama alipokuwa msichana alichunga mbuzi wa bibi yake. Basi jiko letu likawa ua wa wafanyabiashara. Mahali pa cherehani pakawa baraza la sultani. Godoro la Rehema alilizungushia mistari yenye pembe nane, likawa birika la kuogea. Chaki ilipofutika kwa kukanyagwa, aliichora upya Ijumaa baada ya kupiga deki, na anayemaliza kazi zake mapema aliruhusiwa kuchagua atalala chumba gani.

Tukiwa tumelala, yeye akipindika mapazia, alitusimulia lilivyojengwa. Alisema ilikuwa zamani sana, kabla Mreno hajaijua pwani yetu. Dhahabu ilichimbwa huku kusini, bara, ikateremshwa hadi Sofala, ikasafirishwa hadi Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru. Kwa mali hiyo sultani mmoja akataka jumba ambalo halijaonekana pwani nzima. Mafundi walikata mawe ya matumbawe baharini yakiwa bado laini kama kipande cha sabuni, wakayachonga haraka kabla hayajaona hewa ya kutosha na kuwa magumu. Mengine waliyachoma kwa magogo, yakawa chokaa. Walijenga vyumba zaidi ya mia, kuba juu ya kuba, ngazi za kushukia maji, birika lenye pembe nane. Hapo sauti ya mama ilishuka. Jumba lile halikukamilika. Watawala walirudi kukaa mjini, mafundi wakaondoka, na chokaa iliyokwisha chomwa ikabaki pale pale ikinyeshewa. "Kwa nini hawakumaliza?" Salumu aliuliza kila mara, na kila mara mama alijibu kwa namna ile ile: "Hakuna aliyebaki wa kutuambia." Baba, alipokuwa hai, alipenda kudakia kwa mzaha. Alisema wazee waliichukua dhahabu huku wakaenda kujengea kwetu, na yeye amekuja kutazama wameacha kiasi gani.

Hawakuwa wameacha kingi. Baba alishuka na wenzake katika mgodi uliofungwa zamani, upande wa mashariki ya jiji, na hakupanda tena. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alichotuachia ni jiwe. Lilikuwa kipande cha tumbawe kilichochongwa, kikubwa kama nusu mkate, chenye nakshi ya kamba iliyosokotwa upande mmoja. Alilitoa Husuni siku aliyoaga kisiwani, akalitia kwenye begi ili awe na cha kwao. Mama alipoliona alimkasirikia. Kule, alisema, kitu cha Husuni hakitoki. Bibi zake walipita pale na chetezo cha ubani kabla ya kukata hata kuni, na wao walizaliwa mle mle kisiwani. Lakini jiwe lilikuwa limekwishavuka mipaka mingapi, na mama akalifanya la kukandamizia kitambaa asije akakata upogo. Tulipofiwa na baba, alituweka karibu yake akalimwagia maji kidogo, akatupa tulinuse. Lilinuka bahari ambayo hatujaiona. "Hii ni amana," alisema. "Aliyelitoa amelala. Litarudishwa na damu yake, kwa mkono wake. Msije mkamtuma mtu."

Mama naye alianza kukohoa mwaka ule wa kikao, baridi ilipoingia, na kabla ya Julai tulimzika. Watu wa msikiti wa mtaa wa Mayfair walitusaidia kwa kila kitu. Mimi nilikuwa nimekwisha acha shule wakati wa ugonjwa, nikiwa darasa la tisa, nikakaa kwenye cherehani yake na kumalizia mapazia ya watu. Sikuwa nimefikisha miaka kumi na minane. Tulipomaliza arobaini, Ba'mdogo Shabani alipiga simu. Kwetu, arobaini ikipita, wakubwa hukaa. Nguo za marehemu hugawanywa, vyombo hugawanywa, na watoto nao hutafutiwa mikono. Hakuna ubaya ndani yake. Ndivyo yatima wengi walivyolelewa wasife njaa. Ba'mdogo alikuwa na mpango tayari. Salumu angekwenda naye Durban. Rehema angechukuliwa na familia moja ya Mayfair ambayo haikujaliwa binti. Mimi ningekaa kwa watu wema hadi nipate mume. Aliyasema yote hayo taratibu, akilia. Nilimjibu, "Nimesikia, Ba'mdogo," nikakata simu. Nilikaa na lile jiwe mapajani, vumbi likigonga kioo kama mchanga unaopepetwa. Nilikuwa nimesikia, lakini sikuwa nimekubali.

Wiki hiyo mtaa wenyewe ulikuwa umekaza misuli. Tetesi zilizagaa kwamba wanaume wa hosteli ya vibarua wangeandamana kuwataka wageni waondoke, na spaza ya Msomali, duka dogo pale kwenye robot, zile taa za barabarani, ilikuwa imeteremsha mlango wake wa chuma, mwenyewe akiwauzia watu dirishani. Ndipo Salumu aliporudi kutoka shule akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba mama mmoja wa serikali amemwita ofisini kwa mwalimu na kumpa biskuti. Walimu walikuwa wametoa taarifa kwamba kuna watoto wanaishi bila mzazi. Nilimuuliza, "Amekuuliza nini?"

"Ameuliza kwetu wapi. Nimemwambia Kilwa."

"Na nini tena?"

"Tuna nyumba. Nimemwambia ina vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogelea."

Niliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Sijui kwa nini sikucheka. Salumu alizaliwa huku. Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, na Kilwa aliyoijua ni ile ya chaki. Mama hakuwahi kumwambia kwamba Husuni ni nyumba yetu, wala hakuwahi kumwambia kwamba si yetu. Alichora, tukalala ndani. Mtoto angejuaje?

Hivyo ndivyo tulivyojikuta sote ndani ya saluni. Bi Nomsa hakuwa mtu mbaya. Alizungumza Kiingereza na mimi, Kizulu na Ba'mdogo, na Mama Furaha aliyekosa vyote viwili alitafsiriwa na Salumu, ambaye alikaa kwenye kiti cha kuzungusha akijizungusha nusu nusu. Nayaandika maneno yao kwa Kiswahili. Bi Nomsa alisema hawezi kuacha watoto watatu peke yao katika jengo kama hili, wakati kama huu. Alisema angeweza kuwapeleka kwenye makao ya watoto, lakini makao yenye nafasi ya wote watatu hayapo, kwa hiyo wangetengana. Kisha uso wake ukalegea. "Lakini mtoto ameniambia jambo jema," alisema. "Kumbe familia ina nyumba kubwa Tanzania. Kama ni kweli, nitaomba mrudishwe kwenu. Nyote pamoja."

Akamgeukia Ba'mdogo. "Ni kweli, baba? Nyumba hiyo ipo?"

Nilimtazama Ba'mdogo. Alikuwa mtu wa kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amechana ndevu, na tangu kikao kianze, mama huyu mwenye kalamu alikuwa akimwita baba kwa heshima ambayo nadhani hakuipata mara nyingi. Alirekebisha kofia yake. "Ipo," alisema. "Jumba la mawe. Sisi ni watu wa mji mkongwe, mama. Wazee wetu walikula kwenye sahani za Kichina."

"Vyumba mia?"

"Zaidi."

Mama Furaha alimvuta Salumu mkono. "Banasema nini?" Salumu akamweleza, na Mama Furaha, aliyetukuta tukilala katika ule mchoro wa chaki mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akanikazia macho. "Weye Zuhura. Ile nyumba ya mama yako ya chini, ile ya kuandikwa na chaki? Ni ile?"

"Ni ile, Mama Furaha."

"Eh. Bataenda kulala mu chaki?"

Hakuna aliyecheka. Bi Nomsa alikuwa ameanza kuandika. Niliona jinsi jambo lilivyokuwa linakwenda: gari, mpaka, basi, halafu sisi watatu tumesimama kisiwani na begi, mahali ambapo babu na bibi wamekwisha kufa na kibanda chao kilianguka kabla sijazaliwa. Baada ya hapo tungegawanywa na watu tusiowajua. Kumpinga mkubwa wangu mbele ya mgeni lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifanya, mama angenifinya. Lakini kilichonizuia zaidi hakikuwa hicho. Salumu alikuwa ameacha kujizungusha. Alikuwa ananitazama akingoja nithibitishe, na uso wake ulikuwa na ile amani ya mtu mwenye kwao.

Nikasema, "Ba'mdogo, nisamehe." Nikainuka, nikapanda ghorofani, nikarudi na jiwe na chaki.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saluni, nikasukuma nywele zilizokatwa kwa kiganja, nikachora kama mama alivyochora. Mistari ilikwenda upogo. Nilimwambia Bi Nomsa: hapa ni ua wa biashara, hapa ni baraza, hapa ni birika, hapa jabali linakatika na chini ni bahari. Nilimsimulia dhahabu ya kusini na sultani na mawe yaliyochongwa yangali laini. Nilimwambia ni kweli jumba lipo, na ni kweli lina vyumba vingi, na Ba'mdogo hakusema uongo kuhusu ukubwa wake. Lakini halikukamilika, na hakuna aliyelala mle kwa mamia ya miaka. Wanaoingia ni watalii na mbuzi. Halafu nikamgeukia Salumu, nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu hili lilikuwa lake. "Salumu. Halina paa."

"Hata chumba kimoja?"

"Hata kimoja."

"Na bwawa?"

"Bwawa lipo. Halina maji."

Alitazama ule mchoro. Nilidhani atalia, na ningependa alie. Badala yake alishuka kwenye kiti, akalichukua jiwe mikononi mwangu, akaligeuza upande wa nakshi. "Na hili ni la kweli?"

"Hilo ni la kweli."

"Basi siyo letu," alisema. "Kama nyumba siyo yetu, na hili siyo letu. Inabidi turudishe."

"Tutalirudisha."

"Nani?"

"Sote watatu. Mimi, wewe na Rehema."

Bi Nomsa, ambaye hakujua Kiswahili, aliuliza tunasema nini. Ba'mdogo ndiye aliyemjibu. Alivua kofia, akaishika kwenye magoti, na kwa Kizulu chake cha maegesho akamwambia: "Wanakubaliana kazi ya kufanya pamoja." Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Mama, hatuna nyumba kule. Niliona haya kusema." Hakuna kitu alichowahi kunipa, kabla wala baada ya hapo, kikubwa kama maneno yale.

Lakini ukweli ulituacha pabaya kuliko mwanzo, maana sasa hatukuwa na nyumba hata ya kufikirika. Bi Nomsa alifunga kalamu. Alisema kwa upole kwamba mimi bado ni mtoto kwa sheria, na mtoto hawezi kukabidhiwa watoto. Lazima awepo mtu mzima, mwenye kibali cha kuishi, anayelala karibu nao kila siku, tena atakayejibu yeye likitokea lolote. Durban si karibu. Upepo uligonga bati la mlango, na kwa mbali, upande wa hosteli, zikasikika sauti za wanaume wengi wakiimba. Sote tuliinua vichwa. Salumu alimtafsiria Mama Furaha maneno ya yule mama kwa kunong'ona, akiwa bado amelikumbatia jiwe.

Nataka ieleweke kwamba Mama Furaha hakuwa na sababu ya kujiingiza. Kibali chake mwenyewe kilikuwa cha kuhuishwa mara kwa mara, na mtu wa namna hiyo hujifunza kutojulikana sana kwenye ofisi. Hakuwa ndugu, hakuwa wa dini yetu, hata Kiswahili chetu alikicheka akisema tunaongea kama redio. Aliyasikiliza yale maneno, akamtazama Rehema aliyelala kwenye rundo la mataulo, akajifuta mikono kwenye aproni. "Sema hivi kwa huyu mama," alimwambia Salumu. "Mie niko ukuta moja na hawa batoto. Bakikohoa, minasikia. Aandike jina yangu."

"Anaelewa anachokubali?" Bi Nomsa aliniuliza.

Nilimuuliza Mama Furaha. Alinijibu kama aliyechoshwa. "Minaelewa. Mwambie aandike kabla hawa banaume ya kuimba hawajafika, anipate ningali na mlango."

Bi Nomsa aliandika. Waimbaji hawakufika, polisi waliwazuia darajani, tulisikia baadaye. Ba'mdogo alirudi Durban na basi la jioni, peke yake. Tukapanda ghorofani sisi watatu, na nilipokuwa napanga magodoro Rehema aliamka akauliza mbona leo birika lake halina mistari. Nilikuwa nimemaliza chaki kwenye sakafu ya saluni. Salumu akachukua kipande cha sabuni, akamchorea pembe nane.

Sasa ni miaka mingi. Jengo lile lina mmiliki mpya na lifti isiyofanya kazi, na mimi nina chumba cha chini chenye cherehani tano na mabinti wawili ninaowafundisha. Mama Furaha bado anasuka, ingawa vidole vimemkataa, na jina lake lilisimama kwenye karatasi zetu hadi Rehema alipofikisha umri. Rehema anasomea uuguzi. Salumu anafanya kazi katika ofisi moja Randburg, kwenye vioo na zulia, na ana binti anayeelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Wakati ule tulikuwa na vyumba mia vya chaki na hatukuwa na uhakika wa kuamka pamoja. Leo tuna nyumba tatu za kuta za kweli, kila mmoja yake, na kuonana ni mpaka tupangiane Jumapili. Sitasema ipi ilikuwa bora. Hofu ya Agosti ile siitamani hata kidogo. Ila wakati mwingine, nikipiga deki, mkono wangu hutafuta chaki.

Jiwe liko mezani kwangu, juu ya kitambaa. Jamaa wa Kilwa aliwahi kupita Mayfair akajitolea kulibeba, nikamshukuru nikakataa. Salumu alitaka kwenda nalo peke yake kwa ndege, nikamkumbusha tulisema sote watatu. Kibali changu kimekwama ofisini, na nikivuka mpaka leo sijui kama nitaruhusiwa kurudi. Hivyo mwaka unapita, na mwingine. Jumapili iliyopita binti wa Salumu alilishika, akapitisha kidole kwenye ile kamba iliyosokotwa, akaniuliza ni nani anaishi kwenye hiyo nyumba. Nilimwambia hakuna, haikukamilika. Akauliza kwa nini. Nilitaka kumpa jibu la mama, lakini nilililowesha jiwe kidogo nikamsogezea anuse. Nikamwambia, "Sijui yote. Najua kipande kimoja kiko hapa kwetu, na hatujakirudisha."